Kuvuta tela zito kwa 4x4 ya dizeli: usianze na injini, anza na uzito

Ndugu muulizaji,

Umeeleza kwamba 4x4 yako ya dizeli imeruhusiwa na kitabu chake kuvuta kilo 3,500, kwamba unabebea kijiko kidogo cha kuchimbia juu ya tela la ekseli mbili, na kwamba ukishafunga tela gari linakaa nyuma, usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika vilele vya miti usiku, mlimani joto linapanda, na ukishuka hadi bondeni kanyagio la breki linakuwa laini. Umeuliza kama uongezewe nguvu kwa kubadilishiwa programu ya injini au uanze na springi ngumu zaidi. Kazi ya kuhamisha mashine za aina hiyo nimeifanya kwa miaka 11, na ninakusihi usitoe fedha kwa lolote kati ya hayo mawili kabla ya kujua tela lako lina uzito gani na uzito huo umekaa wapi. Injini ya dizeli iliyo nzima inauvuta mzigo huo bila tabu kubwa. Linalowashinda watu wengi ni kuuelekeza na kuusimamisha.

Tuanze na hiyo namba 3,500, maana imewapotosha wengi. Namba hiyo haisimami peke yake: kuna kikomo cha uzito wa gari lenyewe na vyote vilivyomo, kuna kikomo cha tela, na kuna kikomo cha gari na tela kwa pamoja, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko jumla ya vile viwili vya kwanza. Chukua gari lenye kilo 2,200 likiwa tupu na tangi limejaa, ambalo kikomo chake cha pamoja ni kilo 6,000. Ukilifunga tela la kilo 3,500, gari linabakiwa na kilo 2,500, yaani kilo 300 tu kwa ajili ya dereva, abiria, kreti ya vifaa, bampa ya chuma uliyoongeza na tairi la pili la akiba. Watu wanne na vifaa vyao wanaimaliza nafasi hiyo. Kwa hiyo fungua kitabu, uandike vikomo vyote vitatu kwenye karatasi, halafu upeleke gari na tela mizanini, kwa sababu uzito wa kukisia kwa macho haujawahi kumwambia mtu ukweli.

Sasa nije kwenye usukani wako mwepesi. Tela linakandamiza kifungio cha nyuma, yaani mahali linapounganishwa na gari, na kifungio kiko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo gari zima linafanya kazi kama mti uliowekwa juu ya gogo: ukiubonyeza upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka. Tuseme mkandamizo kwenye kifungio ni kilo 350, kifungio kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.8. Zidisha 350 kwa 1.2, ugawanye kwa 2.8, utapata 150. Hizo ni kilo 150 zilizoondolewa kwenye magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayopinda kona na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, na ekseli ya nyuma sasa imebebeshwa kilo 500 badala ya 350. Taa zako zinazomulika vilele vya miti usiku zinakueleza habari hiyohiyo.

Ukisikia hivyo unaweza kushawishika kuusogeza mzigo nyuma ili kupunguza mkandamizo. Tafadhali usifanye hivyo kwa kubahatisha. Mimi nilifanya, tena bila kukusudia, na nalikumbuka kila kona ya tukio hilo. Nilikuwa na kijiko cha kilo 1,800 juu ya tela la kilo 700, na siku zote nilikipandisha kikitazama mbele. Siku hiyo mahali pa kupakilia palikuwa pembamba, nikakipandisha kinyumenyume, na kwa kuwa sehemu nzito ya mashine ile ni injini iliyo nyuma ya kiti, ambayo sasa ilikuwa upande wa mbele, nilitahadhari kuirudisha mashine yote nyuma, lakini nikapitiliza, na kitovu cha uzito kikabaki kama sentimita 40 nyuma ya mahali pake pa kawaida. Kutoka kifungio hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 4. Zidisha 1,800 kwa 0.4, ugawanye kwa 4, ni kilo 180. Mkandamizo uliokuwa kilo 250, yaani asilimia 10 ya tela zima, ukawa kilo 70 tu, chini ya asilimia 3. Gari lilikaa sawasawa kabisa, nami nikafurahia jinsi lilivyonyooka.

Nilikuwa kwenye mteremko mdogo, mwendo wa kilomita 90 kwa saa, basi likanipita. Upepo wake ukalisukuma tela kulia, likarudi kushoto kwa nguvu zaidi, likarudi tena kulia, na kila safari likaongeza upana. Kwenye kioo nililiona tela lote ubavuni, jambo ambalo dereva hapaswi kuliona akiwa anakwenda mbele. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani ukiwa umenyooka bila kulifukuza tela huku na huku, na kwa kidole nikaminya kitufe cha breki za tela peke yake. Likanyooka. Wako watakaokushauri ukanyage mafuta ili kulivuta linyooke. Wasikudanganye, kwa sababu kuyumba kunakuzwa na mwendo, na kila tela lina mwendo ambao ukiupita mayumbo hayafi tena yenyewe bali yanakua. Vilevile usikanyage breki za gari kwa nguvu, maana tela litaendelea kusukuma kutoka nyuma huku matairi ya nyuma ya gari yakipoteza mshiko.

Tangu siku hiyo napima mkandamizo kila ninapobadilisha mzigo. Mizanini ni rahisi: pima tela zima likiwa limefunguliwa, kisha lifunge kwenye gari na upime magurudumu ya tela pekee, tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mkandamizo. Nyumbani mzani wa kupimia watu unatosha ukitumia ubao imara. Laza ubao upande mmoja juu ya tofali na upande wa pili juu ya mzani, kwa nafasi ya sentimita 90 kati ya vituo hivyo, kisha ushushe mkono wa tela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka upande wa tofali. Mzani utabeba theluthi moja, nawe utazidisha kwa tatu. Hakikisha tela liko kwenye usawa na magurudumu yake yamewekewa magogo. Kwa tela la ekseli mbili lenye mashine nzito mimi napenda iwe karibu na asilimia 10, mradi isizidi kikomo kilichobandikwa kwenye kifungio na kwenye kitabu cha gari. Ukishapata mahali sahihi, piga alama ya rangi kwenye sakafu ya tela, ili kijiko kisimame hapo kila siku.

Kuhusu springi: springi ngumu au mifuko ya upepo itanyanyua nyuma ya gari, nayo ina manufaa yake, lakini haitarudisha hata kilo moja ya zile 150 kwenye magurudumu ya mbele. Gari litaonekana limepona huku usukani ukiwa mwepesi vilevile. Isitoshe, mifuko ikijazwa upepo mwingi kwenye gari lenye bodi ndefu ya nyuma, nguvu yote inakusanyika mahali pamoja kwenye chesisi, na nimeona kwa macho yangu chesisi iliyopinda hapohapo baada ya barabara yenye mashimo. Kinachorudisha uzito mbele ni kifungio chenye vyuma viwili vya kukaza vinavyogawa mzigo, pale ambapo mtengenezaji wa gari anakiruhusu.

Sasa injini. Dizeli ina nguvu yake ya kuvuta kwenye mizunguko ya chini, na hilo limewafanya madereva wengi kuing'ang'aniza gia nyepesi, yaani ya juu, mlimani hadi injini inanguruma kwa uzito. Hapo mafuta mengi yanachomwa huku hewa na maji ya kupoza vikizunguka polepole, na joto la moshi unaopita kwenye turbo linapanda. Shusha gia mapema, kabla mlima haujakukamata, uiache injini izunguke karibu na mara 2,500 kwa dakika. Ikiwa giaboksi ni ya kujiendesha, usiiache ichague yenyewe. Iwekee gia ambayo konveta yake, yaani kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, inabaki imefungwa, kwa kuwa konveta inayoteleza ndiyo inayochemsha mafuta ya giaboksi. Ningepewa nafasi ya kuongeza kifaa kimoja tu kwenye gari lako, ningeongeza geji ya joto la mafuta hayo, na baada yake rejeta ndogo ya kuyapoza. Kuongeza nguvu kwa programu kunaongeza joto palepale ambapo tayari unalalamikia joto, na hakukusaidii kusimama.

Gia za chini za 4x4 zitumie bila haya unaporudisha tela nyuma kwenye kilima au unapolitoa kwenye mchanga, kwa mwendo wa kutambaa. Lakini ikiwa gari lako si lile la kuvuta magurudumu yote manne wakati wote, usifunge 4x4 kwenye lami kavu, maana ekseli za mbele na nyuma zitakazana na kuumiza gia.

Mteremko ndio mtihani wenyewe. Ingia na gia iliyo nzito kuliko ile uliyopandia, upunguze mwendo kabla ya kuanza kushuka, kisha breki zikanyagwe kwa uzito na kuachiwa, wala zisiburuzwe njia nzima. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inakua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa inaongezeka kwa asilimia 56. Ndiyo maana hukuniona nikishangaa uliposema kanyagio lako lilikuwa laini ulipofika bondeni. Breki za tela za umeme zirekebishe kila mzigo unapobadilika: kwenye njia tambarare, mwendo wa kilomita 30, minya kitufe, tela linapaswa kukuvuta kwa nyuma waziwazi bila magurudumu yake kufunga.

Jambo la mwisho ni habu za tela, yaani vitovu vya magurudumu yake. Simama baada ya kilomita 30 za mwanzo, ukaribishe kiganja kwenye kila habu. Zote zitakuwa na joto. Unatafuta ile iliyoachana na wenzake. Niliwahi kuipata moja ambayo kiganja hakikuweza kuikaribia, na nilipoitoa gurudumu, grisi ilikuwa imegeuka maji meusi na beringi imekuwa na rangi ya buluu ya chuma kilichoungua. Gurudumu hilo lisingefika safari ile.

Ukitoka mizanini, niandikie uzito wa gari, wa tela, mkandamizo kwenye kifungio, na umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi kifungio, nami nitapiga hesabu pamoja nawe ya mahali pa kukisimamisha kijiko chako.