Je, Kanisa la Uskoti ni la mfalme? Na hiyo "Kirk" ni nini?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) hapa Nakuru, binti yetu ameenda kusoma Glasgow na huko amepata kanisa la kuabudu, Church of Scotland. Sasa shemeji yangu ambaye ni Mwanglikana anatuambia hilo ni kanisa la serikali na kichwa chake ni mfalme wa Uingereza, eti mtoto amehamia kanisa la mfalme. Binti akipiga simu mara anasema "Kirk", mara "kanisa la taifa", mara kuna "Free Church" hapo karibu. Hayo ni makanisa tofauti ama ni moja? Na anaweza kushiriki meza ya Bwana huko? Baba yake hajatulia kabisa.

JIBU: Asifiwe sana mama, na pole kwa hiyo wasiwasi. Niseme mapema ndo baba apate usingizi, binti hajahama. Ameenda kwa nyanya. Wamishonari waliotuletea sisi kanisa pale Kikuyu walikuwa wa Kanisa la Uskoti, walianzia Kibwezi 1891 wakahamia Kikuyu 1898, na hilo jina Thogoto mnalolijua nyote ni watu wetu walikuwa wanajaribu kutamka "Scot" likatoka hivo.

Hilo neno Kirk lisikusumbue manake unalo tayari nyumbani. Wazee wenu wakikaa Jumamosi kujadili mambo ya kanisa mnasema wameenda wapi? Kirk session. Ni Kirk hiyohiyo. Ni Kiskoti, maana yake kanisa tu, na mizizi yake ni Kigiriki, neno lenye maana ya "kitu cha Bwana". (Letu sisi, kanisa, limetoka kwa Waarabu na ndani yake kuna wazo la kukusanyika, mimi napenda sana kuyaweka haya mawili pamoja, mkusanyiko ambao ni wa Bwana.) Kwa hiyo binti akisema "the Kirk" anamaanisha Kanisa la Uskoti lote kwa ujumla, na akisema kirk fulani anamaanisha jengo, vile sisi tunasema naenda kanisa.

Sasa tuje kwa shemeji. Hajakosea kuhusu kwao, Kanisa la Uingereza kweli mfalme ndiye gavana wake mkuu, na maaskofu 26 wanakaa bungeni London. Kosa lake ni kudhani ukivuka mpaka kwenda Uskoti mambo ni yaleyale. Si yaleyale. Kanisa la Uskoti ni la Presbiteri, na jina hilo lenyewe linatoka kwa presbuteros, yaani mzee. Halina askofu. Linaongozwa na mabaraza ya wazee na wachungaji, kirk session chini, presbiteri (baraza la eneo) katikati, Mkutano Mkuu juu, unaokutana Edinburgh kila Mei. Moderata, yaani mwenyekiti wa Mkutano Mkuu, anakaa kiti mwaka mmoja tu halafu anampisha mwingine. Hii ni Matendo 20, Paulo anawaita wazee wa Efeso, na mstari wa 28 anawaambia Roho Mtakatifu ndiye aliyewaweka wawe waangalizi. Hakusema Kaisari.

Na hao Waskoti walililipia hilo jambo. Matengenezo ya Kiprotestanti yalifika 1560 wakati wa mhubiri John Knox, lakini wafalme waliendelea kutaka kushika usukani wa kanisa. Mwaka 1596 mchungaji mmoja anaitwa Andrew Melville alimkabili Mfalme James wa Sita ana kwa ana, akamshika mkono wa nguo, akamwambia Uskoti kuna wafalme wawili na falme mbili, yuko Kristo Yesu ambaye ufalme wake ni kanisa, na katika ufalme huo wewe James si mfalme wala bwana wala kichwa, wewe ni mshirika. Hebu fikiria kumwambia mfalme hivo huku umemshika nguo! Lakini ndo Wakolosai 1:18 hiyo, "naye ndiye kichwa cha mwili, yaani, cha kanisa". Kichwa ni kimoja.

Mpaka leo ukitaka kuiona hiyo imani kwa macho angalia ukumbi wa Mkutano Mkuu pale Edinburgh. Mfalme hutuma mwakilishi wake, anakuja na heshima zote, anahutubia, lakini kiti chake kiko juu kwenye roshani ambayo inahesabika kuwa nje ya mkutano. Hapigi kura, haendeshi kikao. Mfalme mwenyewe akiwa likizo Balmoral, kasri lake la Uskoti, huenda Crathie Kirk, anakaa kwenye benchi anasikiliza neno kama wengine.

Mbona basi liitwe kanisa la taifa? Hapa ndo watu wengi wanachanganya, nami nakuomba umsomee shemeji polepole. Kanisa la dola na kanisa la taifa si kitu kimoja. Kanisa la dola serikali inalisimamia au inaweka viongozi wake. Kanisa la Uskoti sheria ya mwaka 1921 ilikiri uhuru wake, mambo ya imani na ibada na nidhamu ni yake, bunge haliingilii, wala wachungaji hawalipwi na serikali. Na Mfalme Charles alipoapa tarehe 10 Septemba 2022 aliapa kulilinda kanisa hilo, hakuapa kulitawala. Hilo "taifa" ni deni. Katika tamko lake kanisa linasema limeitwa kupeleka huduma ya dini kwa watu wa kila parokia ya Uskoti, kila moja, hata kisiwa chenye watu wachache. Mtu akifiwa katika parokia hiyo na hajawahi kukanyaga kanisani, anaweza kumwendea mchungaji wa Kirk na mchungaji atamzika mpendwa wake. Mimi naliona hilo ni jambo zito kuliko cheo chochote, na huwa najiuliza parokia zetu hapa, ambazo mtu akifa tunaanza kufungua kitabu kuangalia kama alikuwa analipa ahadi.

Free Church ni ndugu walioachana. Tarehe 18 Mei 1843 ugomvi ulifika mwisho, manake matajiri wenye mashamba walikuwa na haki kisheria ya kuwachagulia washirika mchungaji hata wakimkataa. Wachungaji zaidi ya 450 wakatoka, Thomas Chalmers akiwaongoza, waliacha nyumba, waliacha mishahara, wengine na watoto wadogo. Wengi wa wazao wao walirudi kwa Kirk kwa muungano wa 1929, kundi dogo likabaki na jina Free Church na lipo mpaka leo, ni la Presbiteri pia, lakini si kanisa moja na Kirk. Lile linaloitwa la Kiepiskopali la Uskoti ndo lenye maaskofu, hilo ni la ukoo wa shemeji, mwambie binti asipotee.

Meza ya Bwana ashiriki bila hofu. Ila mama, nenda kwa mzee wa wilaya yenu wiki hii, umwombe kirk session iandike barua ya utambulisho, mtumie binti ampelekee mchungaji wa huko, asikae miaka minne kama mgeni wa benchi la nyuma. Waandike na alibatizwa lini na alipokelewa ushirika kamili lini, watataka kujua.