Uno R3 au ESP32 kwa tangi la maji?

Ndugu, kwa kuwa unataka kupata ujumbe kwenye simu maji yakipungua tangini, kati ya bodi hizi mbili ndogo za kielektroniki za kuprogramu (Arduino Uno R3 na ESP32), chukua ESP32. Uno R3 ni nzuri sana kwa kujifunzia, lakini haina Wi-Fi na RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni KB 2 tu. ESP32 ina KB 520, pamoja na Wi-Fi na Bluetooth humo humo.

Ila chunga volti, tafadhali! Pini za ESP32 ni za volti 3.3, na kihisi cha HC-SR04 (kinachopima umbali hadi kwenye maji kwa mawimbi ya sauti) ukikipa volti 5 kitatoa volti 5 kwenye Echo, pini yake ya kutolea ishara. Ukiiunga moja kwa moja na ESP32 unaweza kuunguza pini. Ili kupunguza volti hiyo, weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya Echo na pini ya ESP32, halafu ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hadi graundi.