Je, Mahakama ya Juu Ilipiga Marufuku Hijabu Shuleni?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali katika shule ya upili ya kutwa kaunti ya Kilifi. Kila tunapofika kwenye uhuru wa kuabudu, wanafunzi wangu husisitiza kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya ilikwisha kupiga marufuku hijabu shuleni mwaka 2019, na wengine wamenionyesha vichwa vya habari vya wakati ule. Je, ndivyo majaji walivyoamua? Na kwa nini mijadala ya dini shuleni huripotiwa kana kwamba ni vita baina ya Wakristo na Waislamu?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu, sivyo walivyoamua, na ninashukuru umeuliza, kwa sababu kosa hilo limedumu katika fikira za watu kuliko hukumu yenyewe.

Kesi ilitokana na shule ya upili ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, ambayo ni shule ya umma inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014, baada ya kiongozi wa kaunti kutaka wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, kanisa lilikwenda Mahakama Kuu mjini Meru kupinga, nalo likashinda mwaka 2015. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, ambaye alikuwa ameingia katika shauri hilo kama mhusika mwenye maslahi, yaani mtu anayeguswa na kesi iliyofunguliwa na wengine, akakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye, ikaona kwamba kanuni ya sare inayowabana wote kwa usawa wa maandishi yaweza kuwabagua baadhi yao kwa matokeo yake, na ikamtaka waziri wa elimu atunge kanuni za kulinda uhuru wa dini wa wanafunzi wote.

Januari 2019 Mahakama ya Juu ilibatilisha hukumu hiyo ya rufaa. Hapo ndipo taarifa nyingi zilipokomea. Sababu ya kubatilisha ilikuwa ya utaratibu: majaji wengi waliona kwamba ombi la Fugicha la kutetea hijabu halikuwa limewasilishwa ipasavyo katika Mahakama Kuu, kwa kuwa aliliweka ndani ya hati yake ya kiapo, na mhusika mwenye maslahi hapaswi kuanzisha madai mapya katika kesi ya wengine. Walikiri kwamba suala lenyewe ni zito kwa taifa, wakaeleza kuwa anayetaka kulifuatilia alianzishe upya katika Mahakama Kuu kwa njia iliyo sahihi. Swali la iwapo Katiba inamlinda msichana anayevaa hijabu katika shule ya umma iliyo chini ya ufadhili wa kanisa halikujibiwa siku ile, lakini msomaji aliyeishia kwenye kichwa cha habari aliamini limefungwa milele.

Kuhusu swali lako la pili, maoni yangu ni kwamba habari ya mapambano huandikika haraka. Mwandishi mwenye saa mbili kabla ya gazeti kufungwa humpigia simu askofu, kisha humpigia imamu, akaweka kauli zao upande kwa upande, na tayari ana taarifa inayoonekana kuwa ya haki kwa pande zote. Wanaokosekana humo ni mwanafunzi, bodi ya shule, na sheria. Huoni kikitajwa kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambacho humpa mfadhili jukumu la kukuza maisha ya kiroho shuleni huku akilinda imani za wengine. Kifungu hicho ndicho kiini cha mgogoro mzima, maana kinambebesha mfadhili mmoja wajibu wa aina mbili. Msomaji asiyekijua hawezi kuelewa kwa nini shule inayolipiwa walimu na serikali ina kanisa linaloweza kushtaki kwa sababu ya sare.

Linganisha na kesi ya mwaka huohuo wa 2019, ambapo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua mwezi Septemba kwamba mwanafunzi wa Kirastafari aliyefukuzwa kwa sababu ya nywele zake arudishwe darasani, kwa kuwa imani yake inalindwa na Katiba. Misingi ya kisheria ya kesi hizi inakaribiana mno. Lakini kwa kuwa hapakuwa na dini mbili kubwa za kugonganishwa, habari ile ilisimuliwa zaidi kama kisa cha nywele za msichana mmoja, na wachache waliihusisha na Isiolo.

Kwa darasa lako, napendekeza upakue hukumu ya Mahakama ya Juu kutoka tovuti ya Kenya Law, ambako hupatikana bila malipo, uwagawie wanafunzi kurasa zenye amri za mahakama pamoja na vile vichwa vya habari walivyokuonyesha, kisha uwaulize ni amri ipi hasa inayokataza hijabu. Baada ya hapo wasome Ibara ya 32 ya Katiba, inayolinda uhuru wa dini, na kifungu cha 27 nilichokitaja, waandike wao wenyewe taarifa ya maneno mia mbili kuhusu uamuzi ule, kwa sharti kwamba kabla ya kumnukuu kiongozi yeyote wa dini waeleze kwanza kile ambacho mahakama haikuamua.