Kurekodi televisheni na kuongeza kasi ya intaneti nyumbani: majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii ni za aina mbili. Wapo wanaotaka kurekodi vipindi wavitazame baadaye, na wapo waliochoka na intaneti inayokwamakwama. Wengi wenu mna fedha mkononi tayari na mnauliza mnunue kifaa gani. Mara nyingi nitawarudisha nyuma hatua moja, kwa sababu kifaa kipya hakisaidii kitu kama hujajua mambo yamekwama wapi.

King'amuzi changu kina tundu la USB na kinaruhusu kurekodi. Nimechomeka flashi, lakini mechi inakatika kabla ya kwisha. Ninunue king'amuzi kingine?

Hapana, usikimbilie king'amuzi. Tazama kwanza rekodi inakatikia wapi. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na fomati (namna ya kupanga faili) ya FAT32, na fomati hiyo haikubali faili moja linalozidi GB 4. Matangazo ya HD yanayopita kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hufikisha ukubwa huo baada ya dakika 70 na kidogo, ndiyo maana kipindi cha pili cha mpira hakimaliziki. Ving'amuzi vingine hulikata faili vipandevipande na kuendelea, vingine huacha kabisa. Kwa hiyo, kama rekodi zako zinakoma karibu muda uleule kila mara, ifomati flashi upya kupitia menyu ya king'amuzi chenyewe, si kwa kompyuta. Hamisha kwanza vitu vyako, maana vyote vitafutika.

Kama inakatika ovyo, leo dakika ya tano, kesho ya arobaini, basi flashi yenyewe ndiyo inayoshindwa. Flashi za bei nafuu huanza kuandika kwa kasi nzuri, kisha zikiandika mfululizo kwa muda mrefu hupungua sana. Matangazo hayasubiri. Tumia diski ya nje. Ila angalia umeme: tundu la USB 2.0 limewekewa kutoa miliampia 500, na diski nyingi zinazozunguka huhitaji zaidi ya hapo zinapowaka. Ukisikia diski inagonga taratibu, inawaka na kuzima, haijaharibika, ina njaa ya umeme. Chukua diski yenye adapta yake, au SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ambayo kwa kawaida hula umeme kidogo.

Diski ya ukubwa gani inatosha?

Hesabu yake ni nyepesi. Megabiti 8 kwa sekunde ni sawa na GB 3.6 kwa saa. Diski ya GB 500 itabeba saa zaidi ya 130 za HD, na ya TB 1 itabeba saa 270 na ushee. Picha ya kawaida isiyo HD huchukua nafasi ndogo zaidi. Kwa familia nyingi GB 500 inatosha, kwa sababu vipindi vilivyotazamwa hufutwa. Kabla ya kununua diski kubwa kuliko TB 2, soma kijitabu cha king'amuzi: vifaa vingi vya zamani haviwezi kuhesabu zaidi ya hapo, na sehemu inayobaki utakuwa umeilipia bure.

Nikiwa narekodi chaneli moja, siwezi kutazama nyingine. Ni hitilafu?

Si hitilafu. King'amuzi chako kina kipokezi (tuner) kimoja tu, na kipokezi kimoja hukaa kwenye masafa mamoja kwa wakati mmoja. Katika matangazo ya dijitali chaneli kadhaa husafiri pamoja kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo baadhi ya ving'amuzi hukuruhusu kutazama nyingine iliyomo kwenye kundi hilohilo. Nje ya hapo unahitaji kifaa chenye vipokezi viwili. Hili ndilo jambo la kwanza kuuliza unapochagua kifaa cha kurekodi, kabla hata ya ukubwa wa diski. Diski unaweza kuibadilisha baadaye, lakini kipokezi cha pili hutakiongeza.

Binti yangu alihojiwa kwenye televisheni, nikarekodi. Sasa nataka kumpa nakala, lakini diski nikiichomeka kwenye kompyuta haionyeshi kitu. Nifanyeje?

Barua hii imenigusa, kwa sababu wengi hugundua jambo hili wakiwa wamechelewa. Kuna uwezekano wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba king'amuzi kimeifomati diski kwa namna ambayo Windows haiitambui. Hapo usikubali kompyuta ikikuomba kuifomati. Ichomeke kwenye kompyuta yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na huenda faili likaonekana na kuchezeka.

Wa pili, na huu ni wa kawaida zaidi kwa ving'amuzi vya kulipia, ni kwamba rekodi imefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya king'amuzi hichohicho. Itachezeka hapo tu. Hata ukinunua king'amuzi kingine cha aina ileile, haitafunguka. King'amuzi kikiungua, rekodi zote zimekwenda nacho. Watu hujaribu kupitia waya wa HDMI kwa kifaa cha kunasa picha, wakakutana na skrini nyeusi, kwa kuwa HDMI nayo ina kinga dhidi ya kunakili, iitwayo HDCP. Sitakuelekeza namna ya kuivunja. Njia ya haraka na ya heshima ni kuwaandikia kituo cha televisheni, uwape tarehe, saa na jina la kipindi, uombe nakala. Fanya hivyo mapema, na usikiuze wala kukirudisha king'amuzi kabla hujajibiwa.

Kwa siku zijazo, kama chaneli unazozipenda ni za bure na zinapatikana kwa antena, ningekushauri ununue kipokezi kinachochomekwa kwenye kompyuta au kwenye ruta. Ukikitumia na programu ya bure kama Tvheadend au Jellyfin, rekodi huwa faili la kawaida: utalinakili, utalihifadhi, utamtumia binti yako. Kuweka mfumo huo kunahitaji subira siku ya kwanza, lakini kilichorekodiwa kinabaki chako. Hakikisha tu kipokezi kinaendana na mfumo wa matangazo ya mahali ulipo, kwa mfano DVB-T2, maana kilichotengenezwa kwa mfumo mwingine hakitashika chochote.

Mwingine ameniuliza kama kurekodi nyumbani ni kosa kisheria. Sheria za hakimiliki hutofautiana. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1984, katika kesi ya mashine za Betamax za Sony, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili ukitazame baadaye si kosa. Kuuza nakala au kuzisambaza ni jambo jingine kabisa.

Nimelipia intaneti ya 100, lakini nikipakua faili naona 11 tu. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Mtoa huduma anahesabu kwa megabiti, na kompyuta yako inapopakua huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 100 ni sawa na megabaiti 12.5 kwa sekunde. Ukitoa kiasi kidogo kinachotumika kusafirisha data yenyewe, 11 ni kasi kamili. Tazama herufi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti.

Nimenunua ruta ya bei kubwa, lakini chumbani intaneti bado ni ya kinyonga. Tatizo ni nini?

Fanya jaribio moja kabla ya kununua kitu kingine. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, zima waifai ya kompyuta hiyo, kisha pima kasi. Rudia asubuhi na usiku. Kama hata kwa waya kasi ni ndogo, ruta haihusiki, piga simu kwa mtoa huduma ukiwa na vipimo vyako mkononi. Kama kwa waya ni nzuri na chumbani ni mbaya, tatizo ni waifai, na hapo una mengi ya kufanya bila kutoa fedha.

Anza na mahali ruta ilipo. Wengi huificha nyuma ya televisheni, ndani ya kabati au sakafuni kwenye kona. Ipandishe juu, iwe wazi, karibu na katikati ya nyumba. Kisha angalia masafa. GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na imejaa vifaa vya majirani, na hata maikrowevu huivuruga. GHz 5 ina kasi kubwa lakini ukuta mmoja mnene unaidhoofisha. Vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta viweke kwenye 5, vya mbali kwenye 2.4. Kwenye 2.4 chagua njia (channel) ya 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Vile vifaa vidogo vya kurudufisha mawimbi mimi huvipendekeza kwa shingo upande. Vingi hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi hukatika karibu nusu. Ukikiweka ndani ya chumba chenye waifai mbovu, kitarudufisha ubovu huohuo. Kama inawezekana kupitisha waya hadi chumbani, pitisha. Kebo ya Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na mwishoni utaweka kituo kidogo cha waifai. Hakikisha nyaya zote nane zimebanwa, maana zikiungwa nne tu, kasi haitazidi megabiti 100. Matundu ya ruta za zamani pia huishia 100, hata kama umelipia kifurushi cha 500.

Filamu inacheza vizuri, lakini simu za video zinakatika mtu mwingine akipandisha picha. Niongeze kifurushi?

Huenda usihitaji. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa HD kamili na 15 kwa 4K, kwa hiyo kifurushi cha wastani kinatosha familia. Ila mtu akipandisha faili kubwa, ruta hupanga foleni ndefu ya data, na maneno yako ya simu yanakwama nyuma ya foleni hiyo. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, utafute QoS au SQM, yaani mpangilio unaosimamia foleni hiyo ya data, uiwashe, na uweke kikomo chini kidogo ya kasi uliyopima kwa waya. Utapoteza kasi kidogo sana na simu zitatulia.

Kubadilisha DNS kunaongeza kasi?

DNS ni huduma inayotafuta anwani ya tovuti kwa jina lake, kwa hiyo kurasa zinaweza kuanza kufunguka mapema kidogo. Kasi ya kupakua faili haibadiliki.

Tangu nichomeke diski mpya ya kurekodia nyuma ya ruta, waifai ya simu imekuwa dhaifu. Inawezekana diski ndiyo chanzo?

Inawezekana kabisa. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 vinapofanya kazi hutoa kelele ya redio inayoangukia palepale kwenye GHz 2.4. Tumia waya wa USB wenye kinga nzuri, uiweke diski mbali kidogo na antena za ruta, na uhamishie simu kwenye GHz 5. Ruta nyingi pia zina mpangilio wa kulishusha tundu hilo hadi USB 2.0. Kwa kurekodi hutapungukiwa na chochote: megabiti 8 za HD ni sehemu ndogo tu ya uwezo wa USB 2.0.