Swali la msomaji: Nta ya gari ya kujipikia, tunakosea wapi?

SWALI: Yaya, jambo. Niko na RAV4 nyeusi hapa Goma, na sisi vijana kadhaa wa Himbi tunajipikia nta ya gari juu ile ya dukani bei iko kali. Tunayeyusha buji pamoja na nta ya nyuki ya Masisi, kisha tunamwanga esansi ndani ili ilainike. Asubuhi gari inang'aa kama kioo, ikifika saa sita vumbi imegandamana yote, ukigusa inanata, na bampa nyeusi imebaki na alama nyeupe. Tunakosea wapi?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza esansi itoke kwenye hiyo sufuria leo leo. Mvuke wake unawaka hata kwa baridi, na juu ni mzito unatambaa chini chini mpaka ukute mbabula, na mnapika ndani ya parsela ambamo watoto wanapita, tafadhali sana acheni.

Kunata kunatoka kwa buji. Parafini ya buji nyingi inayeyuka kwenye digrii 50 na kitu, nta ya nyuki kwenye 62 hadi 64, sasa kapo nyeusi kwa jua la mchana inaweza kupita 60, basi nta inalegea na vumbi inazama ndani yake. Na vumbi ya Goma mnaijua, ni mawe ya lava yaliyosagwa na matairi, iko na kona kali, ukifuta na kitambaa kikavu unachora verni yote mizunguko mizunguko. Kwa hiyo maji mengi kwanza, halafu ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Nta yoyote ukiipaka juu ya vumbi unasugua mawe tu.

Kinachokosekana kwenu ni nta ngumu. Tafuteni karnauba, inatoka kwa majani ya mti wa jamii ya michikichi kule kaskazini-mashariki ya Brazili, vipande vya manjano vikavu, inayeyuka kwenye 82 hadi 86. Peke yake inavunjika-vunjika, ndiyo maana nta ya nyuki ibaki lakini kidogo: karnauba gramu 20, ya nyuki 10, tapentaini kama 90. Weka nta kwenye mkebe, mkebe ndani ya sufuria ya maji. Hapa kwetu kwenye mita 1,500 hivi maji yanachemka kwenye digrii 95 tu, lakini inatosha. Ikishayeyuka yote, toa mkebe, upeleke nje mbali na moto, ndipo umwange tapentaini polepole ukikoroga, juu ikikutana na nta ya moto nayo inatoa mvuke unaowaka. Ikipoa ikiwa ngumu sana, mara ijayo ongeza tapentaini kidogo.

Jaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha, kwenye kivuli, kapo ikiwa baridi. Paka nyembamba kabisa, ngoja ikauke, futa na kitambaa laini cha pamba. Usitegemee ifute mikwaruzo, hiyo ni kazi ya polishi. Lakini inakinga verni, na mvua yetu ikipita kwenye moshi wa Nyiragongo inashuka na asidi, kwa hiyo hiyo kinga si ya urembo tu.

Bampa sasa: maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, sugua bila haraka, rudia mpaka weupe utoke, na siku nyingine ubandike utepe wa karatasi pembeni ya plastiki kabla ya kupaka.