Kabla ya Kumpangia Chakula, Tazama Mkono Wake

Ndugu zangu mliojiunga karibuni kupika na dada zetu vijana waliotibiwa saratani ya matiti, karibuni sana. Wengi mnakuja na daftari lenye orodha: hiki ale, kile asiguse. Naomba daftari hilo likae mkobani kwanza. Dada anayemaliza tibakemia, yaani zile dawa kali za kuua saratani, keshapewa orodha kama hizo na jirani, shangazi na video za WhatsApp. Mmoja kamkataza sukari, mwingine nyama, mwingine maziwa, mwingine kamwagiza achemshe majani ya mstafeli anywe kutwa mara mbili. Matokeo yake anabaki na mchicha wa kuchemsha na wali mkavu, mwili unapukutika, na hofu ya ugonjwa kurudi iko palepale.

Hofu hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Kule Marekani watafiti waliwafuatilia wanawake 3,088 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti, kwa miaka 7 hivi, na matokeo yakatolewa mwaka 2007. Kundi moja lilikula mboga, matunda na nyuzinyuzi kwa wingi sana na mafuta kidogo. Jingine lilipewa ushauri wa kawaida wa kula vizuri. Ugonjwa ulirudi karibu sawa kwenye makundi yote mawili. Kwa hiyo msimwambie mtu kwamba angekula vile asingeugua, wala kwamba akila hivi hautarudi. Binti wa miaka 29 akisikia hivyo, anaanza kujilaumu kwa kila sahani ya chipsi aliyowahi kula. Chakula kinampa nguvu, kinamjengea misuli, kinalinda mifupa na moyo. Hayo yanatosha, na ni makubwa.

Sasa mkono. Wengi wa hawa dada wametolewa tezi za kwapani wakati wa upasuaji, na mkono wa upande huo unaweza kuvimba kwa sababu majimaji ya mwili hayapiti tena kama zamani. Jeraha dogo la kisu au kuungua kidogo kunaweza kuingiza maambukizi na kuuvimbisha zaidi. Halafu zipo dawa za tibakemia zinazoacha ganzi vidoleni. Nimemwona dada akinyanyua mfuniko wa sufuria ya maharage kwa vidole vitupu, akiendelea kuzungumza na sisi, hajui kwamba anaungua mpaka ngozi ilipoanza kuinuka malengelenge. Mtu huyo ukimpa somo la vitamini tu, umemwacha na hatari iliyo mbele yake.

Basi mtazame akipika. Anasonga ugali wa watu sita kwa mkono gani? Nani anatua ndoo ya maji? Nazi anaikuna mwenyewe kwenye mbuzi, au sokoni wanamkunia? Ugali wa wengi ugawanywe kwenye sufuria mbili ndogo, au asonge mwingine. Vitambaa vinene vya kushikia viwe karibu na jiko, na joto la maji alipime kwa mkono wenye hisia kamili. Ila msimkataze kuutumia mkono. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa hata kunyanyua vyuma hatua kwa hatua, chini ya usimamizi, hakukuzidisha uvimbe. Muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, dada aanzie wapi.

Kwa walio bado kwenye dripu za tibakemia, siku zinatofautiana. Siku za mwanzo ni kichefuchefu, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa humfukuza mtu jikoni. Apikiwe na mwingine, naye ale vilivyopoa: kiazi kitamu cha kuchemsha, mtindi, uji wa ulezi usio moto. Kinywa kikiwa na ladha ya chuma, ndimu au ukwaju husaidia, na kijiko cha mti ni afadhali. Lakini kikiwa na vidonda, ndimu na pilipili ziondoke kabisa. Mpe mtori uliopondwa laini, parachichi, ndizi mbivu. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, huwa zimeshuka. Hapo mayai yaive mpaka kiini, maziwa yachemshwe, kachumbari ya barabarani isubiri, na kiporo kilicholala mezani kisiguswe. Akipata homa ya nyuzi 38, acheni sufuria hapo hapo, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Swali mtakaloulizwa kila mara ni la soya. Wanaogopa hata uji wa lishe kwa sababu una soya ndani, wameambiwa inalisha saratani. Shanghai, wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya matiti walifuatiliwa, na ripoti ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa waliokula vyakula vya soya kwa wingi zaidi hawakupata madhara. Vifo na kurudi kwa ugonjwa vilikuwa vichache kwao. Soya ya kwenye uji wa kawaida inywewe kwa amani. Vidonge vya soya vya dukani ni habari nyingine, hivyo awaulize kwanza wanaomtibu. Mitishamba nayo msiikemee kwa ukali, atawaficha. Andikeni jina lake na mwende naye kwa daktari au mfamasia, kwa sababu mingine huingiliana na dawa.

Matibabu yakiisha, shida hugeuka. Nyumbani wanamlisha kama mzazi aliyetoka kujifungua: supu ya mafuta, soda, chapati, ale arudishe mwili. Mwili unarudi na kupitiliza, hasa kama hedhi imekatika mapema kwa sababu ya dawa. Wengi wa hawa wako kwenye tamoksifeni, vidonge vya kusaidia saratani isirudi, kwa miaka 5 hadi 10, kwa hiyo tunazungumza juu ya mlo wa miaka, na mlo wa miaka hauwezi kuwa sufuria ya pekee ya mgonjwa. Uwe mlo wa nyumba nzima: dagaa wanaoliwa na miiba yake kwa ajili ya mifupa, waungwe kwa nyanya na mafuta ya kupima kwa kijiko, kunde, choroko, matembele, dona badala ya sembe wakiweza. Pombe, hapana, hiyo imethibitika kuongeza hatari ya saratani ya matiti.

Ndiyo maana siku ya mafunzo haitoshi kumwita yeye peke yake. Muulizeni nani anashika mwiko nyumbani, na kama ni mama mkwe au wifi, mwalikeni kwa heshima, mpeni nafasi aonyeshe anavyounga mboga yake, kisha mzungumze mafuta na chumvi mkiwa mnaonja pamoja.