Ada bure, lakini modeli je?

Wadogo zangu, meseji zenu nimezisoma zote. Jana tena mmoja kaniandikia, "kaka, si chuo Ujerumani ni bure, nitafutie digrii nafuu ya usanifu majengo au hata interia nije." Hizi stori za bure zinaniuma jamani, naomba niwaambie yalivyo.

Ada ni kweli, vyuo vingi vya serikali havitozi, ingawa jimbo la Baden-Württemberg wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa euro 1,500 kila semista. Ila ili upate viza unaweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, halafu unakuwa unatoa 992 kwa mwezi, humo kuna kodi ya chumba, bima, kula. Sasa hela ya modeli, kile kijumba cha mfano unachojenga kuonyesha mchoro wako, inatoka wapi?

Modeli ndo kidonda changu. Semista ya tatu natoka shifti ya usiku, nafanya usafi ghalani, vidole vinanuka dawa ya sakafu, nakaa chini nakata kadibodi ya milimita 2, ukuta mmoja mmoja, kisu kikateleza, damu ikaingia kwenye paa jeupe. Kadibodi nyingine sina, maana wiki ile mama alipiga simu na nilichokuwa nacho nikakituma. Nikaligeuza paa, damu ikaangalia ndani. Asubuhi mwalimu kalifunua aone ngazi. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Wenzangu wote walikatiwa za kwao kwa mashine ya leza.

Halafu vyeti. Mimi nilichukua digrii ya semista 6, yaani miaka 3, kwa sababu ni fupi, nikajua nimeokoa hela, kumbe bodi ya wasanifu huku inataka kwa kawaida usome angalau miaka 4 na ufanye kazi miaka 2 ndo ujiite msanifu. Na msanifu wa ndani naye huku jina lake linalindwa na sheria, msidhani interia ni njia ya mkato. Uingereza tofauti, jina la msanifu majengo limelindwa ila la mbunifu wa ndani halijalindwa. Marekani kuna digrii ya miaka 5 yenye idhini ya NAAB, chombo chao cha kukagua digrii za usanifu. Kwa hiyo usiniulize semista ni bei gani, niulize ni miaka mingapi mpaka leseni, na hiyo leseni itakubalika kule unakotaka kujenga au la. Mimi mpaka leo nachora, anasaini mtu mwingine.

Msije. Nasema kabisa, digrii ya kwanza isomeeni hukohuko karibu na watu wenu, ila muulize kwanza bodi kama inaitambua, huku mje kwa masta. Lakini yule mdogo wangu aliyenitumia michoro ya penseli, ile ngazi ya kuzunguka, wewe njoo hata kesho! Anza Kijerumani leo, digrii nyingi za kwanza zinafundishwa kwa Kijerumani. Programu za kuchorea usinunue, AutoCAD na Revit mwanafunzi anapewa bure, Blender ni bure kwa kila mtu. Weka hela ya kadibodi pembeni na usiiguse, hata mama akipiga. Akipiga sana mtumie kidogo.

Nitumieni michoro, Jumapili sina shifti, nitaiangalia mmoja mmoja.